Kifafa kimetulia, mbona shule bado ngumu?

Shikamoo Anti,

Samahani barua yangu ni ndefu ila naomba uisome yote maana nikiikata hutanielewa. Mi ni mama wa watoto wawili, ninayemzungumzia ni wa kwanza, binti, ana miaka tisa. Tangu yuko darasa la kwanza alikuwa na tabia ya kuzubaa, yaani mnaongea nae vizuri tu ghafla anakata, macho yanaganda, kope zinachezacheza, ukihesabu taratibu mpaka kumi karudi na anaendelea kama hakuna kilichotokea. Tulidhani anadeka. Baba yake alikuwa anamshtua, "we amka wewe," na ticha kila muhula anaandika kwenye ripoti kwamba mtoto mwili upo darasani mawazo hayapo. Akisoma kwa sauti anaweza akakatisha katikati ya neno alafu akaibukia mstari wa chini. Daftari la imla ndo usiseme, sentensi zina mashimo, neno lipo, lipo, halipo, lipo.

Mwishoni tukapelekwa kwa daktari wa mishipa ya fahamu. Alimpa mtoto kikaratasi akamwambia akipulize kwa nguvu mfululizo bila kupumzika, haikufika hata dakika tatu akazubaa palepale mbele yetu, kikaratasi kipo mkononi. Akafanyiwa EEG, kile kipimo cha umeme wa ubongo, tukaambiwa ni kifafa. Anti nililia, maana kifafa nilichokuwa nakijua mi ni kile cha kuanguka na kutoa povu. Akaanzishiwa dawa ya valproeti, na nashukuru Mungu kuzubaa kumeisha kabisa, juzi juzi wamerudia EEG wakasema imetulia.

Sasa shida yangu ni kwamba shule haijabadilika! Nilijua kifafa kikiisha na akili itafunguka, wapi. Akinakili kutoka ubaoni wenzake wanaandika sentensi nzima kwa kutazama mara moja, yeye anatazama anaandika maneno mawili, anatazama tena, kengele inalia yuko nusu. Nyumbani nikimwambia kavue viatu, chukua daftari la hesabu, uje na penseli, namkuta amevua viatu kasimama katikati ya chumba ananiangalia. Ila huyohuyo ukimuuliza kitu cha maana anakujibu mpaka unashangaa, na hadithi aliyosikia mara moja anakusimulia mwanzo mwisho.

Baba yake anasema kama kifafa kimeisha basi kilichobaki ni uvivu. Mama mkwe anasema dawa ndo zinamlevya zinamuua akili, tuziache. Ticha anataka arudie darasa. Na mi usiku nikishalaza watoto naingia kwenye simu nasoma kila kitu, nikakutana na mahali pameandikwa kifafa cha utotoni kinaathiri mtandao wa ubongo, nikashindwa kulala. Nimewaza siku za mtihani niwe naruka dozi ya asubuhi ili awe mchangamfu, sijafanya bado. Anti niambie ukweli, mwanangu ubongo umeharibika? Niache dawa? Arudie darasa?

Mama mwenye mawazo

Marahaba mama, na pole, umebeba mengi peke yako.

Naanza na hiyo dozi maana hiyo haisubiri. Usiruke. Siku ya mtihani, siku ya sikukuu, siku yoyote. Dawa za kifafa zikikatwa ghafla kifafa kinaweza kurudi kwa kishindo, na kinaweza kurudi na sura nyingine kabisa kuliko ile ya kuzubaa uliyoizoea, unaweza ukakutana na kile cha degedege la mwili mzima ambacho mwanao hajawahi kupata. Dawa hizi zikifika wakati wa kuachwa zinapunguzwa kidogo kidogo kwa wiki na miezi, daktari akiwa anafuatilia. Na usiazime dawa ya mtoto mwingine eti na yeye ana kifafa, maana kuna dawa nzuri tu kwa aina nyingine, mfano karbamazepini, ambayo kwa kifafa hiki cha kuzubaa inaweza kukizidisha. Haya, hilo limepita.

Sasa mama mkwe. Nitakushangaza, hajakosea kila kitu. Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa Marekani, watoto zaidi ya 400 wenye kifafa hikihiki cha mwanao, wakagawanywa kwenye dawa tatu, ethosaksimidi, valproeti na lamotrijini. Katika kuzuia kuzubaa mbili za kwanza zilikaribiana na ya tatu ikabaki nyuma. Lakini walipopima umakini baada ya miezi kama minne, kwenye valproeti karibu nusu ya watoto walikuwa na shida ya umakini, 49 kwa 100, wakati kwenye ethosaksimidi walikuwa 33 kwa 100. Kwa hiyo bibi ana hoja, hiyo dawa inaweza kuwa na mkono wake. Ila hoja hiyo mnaipeleka kwa daktari, haiishii jikoni kwa kutupa vidonge. Mwambie daktari hivyohivyo ulivyoniandikia mimi, kuzubaa kumeisha ila spidi na umakini bado, je dozi iko sawa, je kuna dawa nyingine inayomfaa? Na kwa kuwa ni binti kuna la ziada la kuuliza, maana valproeti ina madhara makubwa kwa mimba, kwa hiyo kwa wasichana madaktari wengi wanapenda mpango wa mbele ujulikane mapema kabla hajavunja ungo. Ana miaka tisa, sio mapema sana kuuliza.

Lakini hata ukibadilisha dawa leo usitegemee miujiza, na hapa ndo penyewe. Kwenye utafiti uleule watoto walipimwa kabla ya kumeza kidonge hata kimoja, na kama theluthi yao tayari walikuwa na shida ya umakini huku akili zao za jumla zikiwa za kawaida kabisa. Kabla ya dawa! Na wengine waliopata nafuu kabisa, kuzubaa hakuna, EEG safi, shida ya umakini ilibaki palepale. Yaani mwanao anachofanya sio kitu cha ajabu wala sio yeye peke yake, ndo hali iliyoandikwa kabisa. Kwa hiyo lawama yote huwezi kuibebesha dawa, na uvivu ndo haumo kabisa.

Ni nini basi. Hapa ndo tunaingia kwenye huo mtandao uliokunyima usingizi, na nitajaribu kuueleza taratibu maana mtandaoni wanauandika kama vile ubongo ni waya ukiungua umeungua.

Ubongo una seli za neva kama bilioni 86. Seli moja peke yake haijui kitu, haijui kusoma wala haijui mama ni nani. Kujua kunatokea seli nyingi za sehemu mbalimbali zikiongea, hizi za mbele za kupanga, za pembeni za lugha, za nyuma za kuona, na katikati chini kuna kitu kinaitwa thalamasi ambacho karibu kila taarifa inapitia hapo kwenda na kurudi gamba la juu la ubongo. Fikiria ukumbi umejaa watu, kila kundi linaongea lake kwa sauti ya kawaida, ujumbe unapita kutoka kona hii kwenda kona ile. Ghafla ukumbi mzima unaanza kupiga makofi kwa mpigo mmoja. Hakuna aliyeumia, hakuna kilichovunjika, ila hakuna ujumbe unaoweza kupita. Hicho ndo kinachotokea mwanao akizubaa. Thalamasi na gamba la ubongo wanaingia kwenye mpigo mmoja wa mara tatu hivi kwa sekunde, ndo ile michoro ya miiba na mawimbi kwenye EEG, watu wa Boston waliielezea tangu 1935 na mpaka leo daktari akiiona anajua. Ndo maana mtoto anakata katikati ya neno, hajalala, hajapuuza, ujumbe haupiti. Na kile kikaratasi cha kupuliza hakikuwa mchezo, kupumua kwa nguvu mfululizo kunachokoza huo mpigo kwa watoto wengi wa aina hii, ni kipimo cha bei ya karatasi lakini kinasema mengi.

Wataalamu siku hizi wanakiangalia kifafa kizima kwa jicho hilo la mtandao. Zamani kidogo picha ilikuwa kuna doa mahali fulani, doa linatoa cheche, basi. Mwaka 2010 ILAE, ambalo ndo shirikisho la kimataifa la wataalamu wa kifafa, walipopitia upya maelezo yao wakaandika kwamba kifafa kinaanzia ndani ya mitandao, kuna kinachobaki kwenye mtandao wa upande mmoja na kuna kinachoikamata mitandao ya pande zote mbili kwa haraka. Cha mwanao ni hicho cha pande zote mbili.

Sasa kama ni makofi tu na makofi yameisha, mbona bado? Kwa sababu mtandao wenyewe unaozaa hayo makofi ndo uleule unaotumika kukaa makini. Mtoto akiwekwa kwenye MRI ile inayoangalia ubongo ukiwa kazini, watafiti wameona kwamba hata wakati hakuna kifafa kinachoendelea, mawasiliano kati ya sehemu za umakini yanaweza kuwa legelege kuliko kwa watoto wengine. Kwa hiyo kifafa na umakini hafifu kwa watoto wengi ni ndugu, wametoka kwenye tumbo moja, sio kwamba mmoja lazima amzae mwenzie. Dawa inamtuliza ndugu mmoja, yule anayeonekana. Wa pili anabaki, na kwa kuwa hatoi macho wala hachezeshi kope watu wanamwita uvivu. Kuna watoto ambao ukifuatilia nyuma unakuta ripoti za shule zilishaanza kulalamika kabla hata ya kifafa cha kwanza kuonekana. Kakague ripoti za mwanao.

Ukiniuliza kama ubongo umeharibika nakwambia sivyo mambo yalivyo. Huu ubongo wa mwanao bado unajengwa, nyaya za kuunganisha sehemu za mbali zinaendelea kuvikwa mafuta yake na njia zisizotumika zinapogolewa mpaka mtu anavuka miaka ishirini na kitu, hasa sehemu za mbele za kupanga mambo. Kifafa kimeingia wakati kazi ya ujenzi inaendelea, ndo ubaya wake na ndo uzuri wake, maana kinachojengwa kinaweza kuvurugwa ila pia kina nafasi ya kutafuta njia nyingine.

Na uache kusema akili, akili, kana kwamba ni kitu kimoja kwenye chupa, kimejaa au kimepungua. Kulikuwa na mtu anaitwa Henry Molaison, Mmarekani, alikuwa na kifafa tangu utotoni, mwaka 1953 akafanyiwa upasuaji wakatoa sehemu za ndani za ubongo pande zote mbili ikiwemo hipokampasi, sehemu inayohusika na kumbukumbu. Kifafa kilipungua sana lakini tangu siku hiyo hakuweza kutengeneza kumbukumbu mpya, unaongea nae, unatoka, ukirudi hakujui. Na bado akili zake kwenye vipimo zilikuwa nzuri tu, anaongea vizuri, anajaza mafumbo ya maneno kwenye gazeti. Sikwambii kukutisha, hakuna anayemfikiria mwanao upasuaji na wa namna ile haufanywi tena, nakwambia uone kwamba kumbukumbu ni mtandao wake, lugha wake, umakini wake, spidi wake, na kimoja kinaweza kuyumba vingine vikiwa imara. Mwanao anakusimulia hadithi mwanzo mwisho. Kumbukumbu ya mambo iko sawa hiyo, na ufahamu upo. Kinachomshinda kwa maelezo yako ni spidi ya kuchakata na ile kumbukumbu ya kushikilia vitu vitatu kwa wakati mmoja huku unavifanyia kazi, viatu, daftari, penseli, cha kwanza kikifanyika viwili vimeshaanguka njiani.

Hii mimi nimeikisia kutokana na barua, usiichukue kama jibu la hospitali. Anayepima ni mwanasaikolojia anayeshughulika na kazi za ubongo, na daktari wenu anaweza kuwaelekeza. Sio mtihani wa kufaulu na kufeli, mtoto anapewa michezo, atafute alama fulani kwenye karatasi kwa haraka, arudie namba kinyumenyume, aeleze maneno, apange vitofali, mwisho unapata picha hapa yuko juu hapa yuko chini. Aulizwe na habari ya ADHD, yaani ule upungufu wa umakini unaotibika, maana kwa watoto wenye kifafa unaonekana mara nyingi zaidi kuliko kwa wengine, na ule wa kimyakimya usio na fujo unapitwa kirahisi hasa kwa wasichana, wenyewe wanakaa tu wanaangalia dirisha hakuna wa kuwalalamikia. Na usingizi pia uangaliwe. Na huzuni, maana mtoto wa miaka tisa anayeitwa mvivu kila siku na watu anaowapenda hawezi kuwa mzima moyoni.

Nisogee pembeni kidogo kwa wengine mnaosoma, maana najua mpo. Kama kifafa cha mwanao ni cha aina nyingine, usichukue maelezo haya yote ukamvisha. Kuna kile kinachokuja usiku, mdomo unavutika upande, mate, sauti ya kukoroma, kwa watoto wa miaka kama mitatu mpaka 14 hivi, na kinaelekea kuisha chenyewe ujanani, hicho kinakaa jirani na sehemu za lugha na wengine wanapata shida ya kusoma na herufi. Na kuna wachache ambao wakati wamelala ile miiba ya EEG inapiga karibu usiku kucha hata kama mwili hautikisiki, na usingizi mzito ndo wakati ambao ubongo unapanga yale ya mchana, kwa hiyo mtoto anaanza kurudi nyuma. Watafiti Landau na Kleffner tangu 1957 walieleza watoto waliopoteza lugha namna hiyo, mtoto alikuwa anaongea na sasa haelewi hata akiitwa, watu wanadhani kiziwi. Kwa hiyo ukiona mtoto anapoteza kitu alichokuwa anakiweza, sio kwamba yuko taratibu kama huyu, ANAPOTEZA, hiyo sio ya kusubiri kliniki ya mwezi ujao, rudi haraka na uombe EEG ya akiwa usingizini.

Haya turudi kwa ticha. Kurudia darasa mimi sikubaliani, angalau sio sasa na sio kabla ya vipimo. Ukimrudishia somo lilelile kwa spidi ileile ataachwa na wadogo badala ya wakubwa, hiyo ndo tofauti pekee utakayopata, na rafiki zake umemwondolea. Tatizo lake sio kwamba hakuelewa, hakumaliza. Basi mwombe ticha aondoe kunakili. Apewe karatasi iliyoandikwa tayari afanye maswali tu. Mtihani aongezewe muda, au apunguziwe idadi ya maswali ya aina moja, mtoto akijibu matano sawasawa ya nini kumi na tano. Akae mbele, mbali na mlango. Ticha akitoa maelekezo atoe moja moja, na yaandikwe kona ya ubao yabaki pale. Aulizwe kwa mdomo pia, nadhani ticha ndo atashangaa kuliko wote. Na aambiwe wazi ni kifafa cha aina gani, kwa sababu kuzubaa kukirudi yeye ndo atakuwa wa kwanza kuona kabla yako, mtoto yuko nae masaa mengi ya kuandika. Mashimo kwenye imla ndo alama, mkikubaliana awe anaangalia hayo mmemaliza.

Nyumbani agizo moja. Kavue viatu. Kimya. Akirudi ndo daftari. Najua inachosha, una mwingine mdogo na una kazi zako, ila ukiagiza vitatu unarudia mara nne unamaliza na kelele, hesabu mwenyewe kipi ni kifupi. Kazi za shule ngumu afanye mapema, zipimwe kwa vipande vifupi na apumzike katikati, na kulala asicheleweshwe, kukosa usingizi ni adui wa umakini na ni adui wa kifafa vilevile. Kuoga na kuogelea mtu mzima awe karibu anamwona, hata kama kimetulia.

Umeuliza kati ya mistari kama atapona. Watoto wengi wa aina hii wanaachana na kifafa kufikia ujana, na kwa kawaida mtoto akikaa kama miaka miwili bila tukio madaktari wanaanza kuongelea kupunguza dawa. Umakini unaweza kuchelewa zaidi ya hapo, wengine unabaki kidogo, na ndo maana sitaki usubiri kifafa kiishe rasmi ndo uanze kuhangaikia shule.

Na baba yake. Usibishane nae nyumbani, barua yangu usimsomee kama hukumu. Kliniki ijayo aende yeye na mtoto, au muende wote, na amuulize daktari mwenyewe kwa mdomo wake kama huu ni uvivu.

Anti